Mtani Hakaribishwi

"Weka hilo kopo chini, Apakuki!"

"Nikiliweka chini wataingia sisimizi. Heri niingie mimi."

"Nakwambia weka! Nitakupasua kichwa!"

"Utanipasua kwa nini, kwa huo mwiko? Mwiko huo haujawahi kupasua hata donge la unga. Marehemu mumeo alimeza madonge miaka ishirini na mbili, maskini, hakusema neno."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na mafurushi ya majani ya magimbi wakasimama barabarani. Mimi sikuhitaji kusimama, nilikuwa nimeshasimama zamani, viwiko juu ya uzio, chai yangu inapoa. Nyumba yangu na zao zinapakana kwa nyuma, ua kwa ua, na mimi niko katikati kama refa asiye na filimbi.

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, saa tano asubuhi, na jua la mji wetu wa Lautoka lilikuwa limeshaanza kukaanga mabati. Apakuki alisimama upande wake wa waya, mrefu, kifua wazi, shuka la maua kiunoni, kopo kalibana kwapani kama mpira wa raga. Na halikuwa kopo la hivi hivi. Lilikuwa lile kubwa la maziwa ya unga, limesuguliwa mpaka likasahau liliuzwa na nani, ambalo Unaisi hupikia purini, keki yetu ya kuchemshwa, kila Krismasi. Bado lilikuwa vuguvugu. Dakika mbili kabla ya hapo lilikuwa dirishani kwa mwenyewe, linapoa.

"Batadi wewe!" Unaisi alipiga kelele. Alikuwa na mafua, siku ya nne hiyo, pua imeziba kabisa, na akipandisha hasira maneno yalimtoka yamevimba. "Batadi mwizi!"

"Batadi ndiyo nini? Mimi naitwa mtani."

Hata wale wa magimbi walicheka.

Na kweli ni mtani wake, wala si utani wa kuzoeana sokoni. Mizimu ya kijiji cha Unaisi na mizimu ya kijiji cha Apakuki ilikuwa ndugu, na tangu enzi hizo watu wa huku na wa kule wakikutana hutukanana, huingiliana majumbani, na huchukua wanachokitaka bila kuomba. Aliyechukuliwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Mwaka juzi Unaisi aliingia kwa Apakuki akatoka na mkeka mpya begani na redio mkononi, na Apakuki akamshikia mlango usimgonge.

Hata chakula hawakaribishani. Huku kwetu mlango ukiwa wazi na sufuria imefunuliwa, kila apitaye huitwa, "Mai kana! Njoo ule!" naye hujibu, "Asante, nimeshiba," hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Lakini mtani haitwi. Mtani anaingia, anafunua, anapakua, anaondoka huku anatukana chumvi yako.

Kwa hiyo Apakuki alikuwa ndani ya haki yake, na Unaisi alilijua hilo.

"Leo siyo siku ya mchezo," alisema, sauti imeanza kushuka kwenye kuomba. "Nina wageni saa kumi. Unawajua ni kina nani."

"Ndiyo maana nimewahi, kabla hawajanimalizia."

Akachomoa kijiko kwenye mkunjo wa shuka. Yaani mtu alikuja amejiandaa! Akakichomeka juu ya purini, akachota pande nene la kahawia iliyoiva, akalinyanyua tulione sote, akalitia mdomoni amefumba macho kama yuko kwenye sala.

Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Halafu akaacha kutafuna.

Mimi nilikuwa namtazama usoni. Kicheko kilimkatika ghafla kama redio iliyonyimwa umeme. Akameza kwa taabu.

"Haya, umeridhika?" Unaisi alisema. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Umeshatoboa. Nipe lililobaki, nikiligeuza kwenye sahani tundu litakaa chini."

"Siwezi," Apakuki alisema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kurudisha, Unaisi. Nisamehe."

Alimwita kwa jina. Miaka kumi na nne nimekaa katikati yao sijawahi kusikia akimwita kwa jina, na nadhani hilo lilimuuma Unaisi kuliko kuibiwa.

"Basi sikiliza," alisema polepole, akijitahidi kila herufi itoke safi. "Kuanzia leo usikanyage uani kwangu. Utani umekwisha. Sikujui, hunijui."

Utani hauishi namna hiyo. Uliwekwa na wafu, na wafu hawapokei barua za kujiuzulu. Wale wa magimbi wakajitwika mizigo yao wakaondoka kwa mwendo wa haraka, na nikajua kabla sijamaliza chai yangu habari itakuwa imefika sokoni, na kwa mara ya kwanza si kwa mdomo wangu.

Mgeni mwenyewe aliyekuwa anatarajiwa ni Mwalimu Sainimere wa Suva. Huyo ni mama yake Maciu, na Maciu ndiye anataka kumwoa Kelera, binti wa pekee wa Unaisi. Alikuwa mwalimu mkuu kabla hajastaafu, na wanasema hadi leo akipita watu wazima wanatupa sigara. Posa ilikuwa bado haijaletwa. Alikuwa anakuja kwanza kutuangalia. Na Kelera, kwa ujinga wa mapenzi, alikuwa amemwambia kwamba purini ya mama yake haina mfano Lautoka nzima. Mwalimu akajibu kwa simu, "Vizuri. Nitakuja kuionja. Ya marehemu mama yangu bado ninaikumbuka."

Tangu siku hiyo Unaisi hakupata usingizi. "Akiniona mimi mchovu," aliniambia, "atasema mtoto kalelewa na mchovu."

Kwa hiyo asubuhi ile saa moja alikuwa ameshawasha kuni uani, na mimi nilikuwa ngazini kwake, kama kawaida yangu, nampa kampani. Purini yote iko kwenye sukari. Unaiweka kavu kwenye sufuria, unaikoroga, inayeyuka, inakuwa kama asali, halafu kama chai ya rangi iliyolala, na hapo hapo unamwaga tui la nazi. Ukichelewa pumzi tano tu, basi. Mwenye pua nzima anasikia kwa harufu. Unaisi hakuwa na pua. Alikuwa na mimi.

"Mimi sikukuu yangu ni Mwaka Mpya," nilikuwa namwambia. "Krismasi ni kanisa na nguo ya kubana. Mwaka Mpya hata mchungaji anamwagiwa ndoo ya maji."

"Mwaka Mpya una chakula gani? Hayo maji?"

"Una mabaki ya Krismasi. Mabaki ni matamu zaidi, hayana wageni."

"Uvivu huo, Viniana. Sikukuu ni Krismasi. Nguruwe anatoka kwenye shimo la kuokea, mawe ya moto bado yanalia, magimbi yanapasuka yenyewe."

"Na Diwali ya Wahindi je? Sahani ya Dhanwanti ikifika na vile vitamu vyake?"

"Ile siyo sikukuu yetu." Akapenga kamasi. "Ile ni sikukuu ya meno yetu."

Tukacheka. Nikamuuliza, ukiumwa mafua kama hivi roho inataka nini? Akaacha mwiko, akaja kukaa pembeni yangu, maana swali kama hilo halijibiwi kwa kusimama.

"Maandazi ya moto na chai ya majani ya mlimau. Mvua iwe inapiga bati na asiwepo mtu wa kuniita mama."

"Na samaki wa kopo kwenye tui?"

"Na muhogo wa kuchemsha? Hapana, hicho ni chakula cha huzuni. Alipofariki baba Kelera nilikila wiki tatu. Sikutaka kingine."

"Mimi nikiwa na huzuni ni ndizi tu. Unazipasua ubavuni, unazijaza nazi, unazichemsha kwenye tui."

"Unazipasua kabla ya kumenya?"

"Baada."

"Baada? Si zinakatika!"

"Zikatike kwa nani? Kwa mkono gani?"

Hapo tukabishana. Nilimwambia habari za shangazi yangu na ndizi zake, halafu za mume wa shangazi, na huyo mume ana mambo yake ambayo huwezi kuyasimulia nusu. Nilikuwa nimefika pazuri kabisa Unaisi akaruka, "Mama yangu! Sukari!" Akakimbia, akachungulia sufuria, akasema, "Aa, imekolea kidogo tu," akamwaga tui, likalia shaaa. Nikamalizia habari ya mume wa shangazi.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa rudi saa tano, pale Apakuki alipoingia ndani kwake na kopo na Unaisi akaingia kwake na kilio.

Mimi nikaenda kwa Apakuki. Nilijiambia naenda kupatanisha, na kidogo ilikuwa kweli. Nilimkuta jikoni anasukutua mdomo, kopo liko mezani limefunikwa na sahani kama kitu cha polisi.

"Umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kuchukua kopo la watu."

"Chukua kijiko kwanza."

Nikachota kidogo. Jamani. Kwanza ilikuja tamu, ya tui na siagi, nikataka kumuuliza ana wazimu gani. Halafu uchungu ukafika. Ulikuwa uchungu wa kwinini, wa kutafuna kaa la moto lililozimwa na dawa. Ulimi wangu ulijikunja ukataka kurudi ulikotoka.

"Nimewarushia kuku mapande," Apakuki alisema. "Wameyazunguka kama wanasoma tangazo la serikali, halafu wakaondoka."

Nilimtazama. Mtu huyu mwaka mzima hutafuta la kumcheka Unaisi. Alishamcheka viatu, alishamcheka sauti ya kuimba kwaya. Na sasa Mungu kamletea purini chungu kwenye sahani ya dhahabu.

"Kwa nini hukusema pale pale? Hili la kumchekea ungelila mpaka Pasaka."

"Ningelila mpaka nizeeke." Akajifuta mdomo. "Lakini wale wanawake walikuwa barabarani. Ningesema, saa sita lingekuwa sokoni, saa kumi mwalimu angelipokea kituo cha basi. Utani ni wa sisi wawili, mimi na yeye. Akiingia mtu wa tatu unakuwa umbea."

Alipotaja neno hilo alinitazama. Mimi nikatazama kopo, na ndipo lilipokuja lote kwa pamoja: sukari, ndizi, mume wa shangazi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimshika na maneno. Sukari ilikuwa motoni."

"Najua. Nilikuwa nawasikia kutoka hapa. Hivi yule mume wa shangazi yako mwishowe alirudi?"

"Alirudi na mwingine."

"Eeh!"

"Apakuki, na wewe ulikuwa unaiibia nini? Kwa nini leo, na siku zote zipo?"

Nikaona kwenye meza sufuria ndogo, muhogo wa jana umekauka, na kopo la samaki limefunguliwa nusu. Mkewe, Torika, yuko Sydney mwaka wa pili huu, analea wazee wa watu.

"Krismasi bila purini," alisema, "mtu anaweza kuvumilia. Bila kumchokoza mtu nayo, hapana."

Saa ilikuwa tano na nusu. Purini inataka kuchemka saa mbili na nusu. Tulifikiri jambo moja wote wawili, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo nikalisema.

"Unga unao?"

"Ninao. Na nazi, na siagi. Sukari nyumba ya dereva wa lori la miwa haikosekani."

"Mdalasini?"

"Mdalasini sina."

Kwangu pia ulikuwa umekwisha, na kwa Unaisi singeweza kwenda kuomba. Nikakimbia kwa Dhanwanti mtaa wa pili. Hana mdalasini, ana iliki. Akanifungia kwenye karatasi, akasema, "Ukimaliza uje unihadithie."

"Safari hii hakuna hadithi, dada."

Dhanwanti akanigusa paji la uso aone kama nina homa.

Niliporudi Apakuki alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya nne kama mtu anayefukuzwa, jasho linamtiririka. Akaniambia sukari ni yangu, kwa sharti moja: nikishaishika sufuria, mdomo ufungwe mpaka tui liingie.

Watu wameniona mazishini, wameniona kanisani, hakuna aliyewahi kuniona kimya namna ile. Sukari ikayeyuka. Nilikuwa na la kusema juu ya Torika, nikalimeza. Ikawa asali. Kwenye barabara likapita gari ambalo nilitaka sana kujua limembeba nani, sikugeuka. Apakuki naye, shetani, akaanza kwa makusudi: "Unajua nilimwona nani juzi na mkoba mpya pale sokoni, Viniana? Hutaamini." Nikamkanyaga mguu. Ikawa chai, ikawa chai iliyolala, nikasikia ile harufu ya mwisho ya utamu kabla haujageuka, nikapiga kofi mezani, na yeye akamwaga tui. Shaaa!

"Nani?" nikauliza. "Nani na mkoba?"

"Hakuna. Nilikuwa nakupima."

Tuliliosha kopo la Unaisi, tukalipakaza siagi, tukamimina, tukafunika na jani la mgomba, tukaliweka kwenye maji yanayochemka, na tukakaa. Saa tisa tulilitoa. Lilikuwa limepanda zuri, linang'aa, na harufu ya iliki imejaa nyumba. Nilitaka kuondoka nalo.

"Ngoja," Apakuki alisema. "Tundu."

"Tundu gani?"

"Nilitoboa yake mbele ya macho yake. Ukimpelekea nzima atauliza."

Akachukua kijiko kile kile, akakadiria, akatoboa mahali pale pale, kina kile kile. Kile kipande tulikila nusu kwa nusu, tumesimama. Ilikuwa tamu sana. Sijui niseme nini zaidi.

"Mwambie nimeshindwa kuimaliza," akasema. "Mwambie... mwambie chochote. Ila la uchungu usiliseme. Naomba, Viniana. Najua ni kazi."

Unaisi nilimkuta amevaa gauni lake la bluu la kanisani, macho mekundu, anakata ndizi mbivu kwenye bakuli la kastadi. Kastadi na ndizi ni kitu kizuri. Mimi na wajukuu zangu tunakila kila Jumapili. Lakini ni cha kina sisi, cha kula na kijiko kikubwa mbele ya televisheni. Mwalimu Sainimere hakupanda basi kutoka Suva kufuata kastadi.

"Amerudisha," nikasema, nikaweka kopo mezani.

Akalitazama. Akatazama tundu.

"Amerudisha mwenyewe?"

"Kashindwa kuimaliza."

"Mwizi mvivu," alisema Unaisi, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Kisha akakumbuka kwamba utani umekwisha, akaufunga tena.

Wageni walifika saa kumi na robo. Mwalimu ni mrefu, mwembamba, miwani kwenye kamba, na aliketi kwenye mkeka mgongo umenyooka kama rula. Maciu alikuwa amekaa kama anasubiri matokeo ya mtihani. Kelera alimimina chai. Tulizungumza hali ya barabara. Tukazungumza mvua. Halafu Unaisi akapindua kopo juu ya sahani, akaligonga mgongoni mara mbili, na purini ikashuka nzima, imesimama, tundu liko chini halionekani.

Mwalimu alikata kipande kidogo. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, na mle ndani ungesikia nzi akikuna kichwa. Kisha akavua miwani.

"Mama yangu," alisema, "alikuwa anakaa jirani na familia ya Kihindi, kule Nausori. Hakuna mwingine niliyemjua aliyetia iliki kwenye purini. Wewe nani alikufundisha?"

"Iliki?" Unaisi alisema.

"Iliki. Na umeipima vizuri, haipigi kelele." Akakata kipande cha pili, na hiki hakikuwa kidogo.

Maciu akapumua. Kelera akacheka bila sababu. Lakini Unaisi alikuwa ananitazama mimi. Pua yake ilikuwa imeziba, asingeweza kusikia harufu ya iliki hata angezikwa nayo. Ila alijua alichotia kwenye kopo lake, na iliki haikuwemo. Mimi nikaangalia dari. Dari yake ina madoa mengi ya kuvutia.

"Nakuja," akasema. "Naongeza maji ya chai."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nyuma yake. Hakwenda jikoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye waya, akatazama upande wa pili, kwenye banda la kuku wa Apakuki. Pale chini yalikuwapo mapande ya kahawia manne matano, mazima, hakuna hata moja lililodonolewa. Kuku walikuwa wamelala mbali nayo, wameyapa mgongo.

Unaisi aliingiza mkono kwenye waya, akaokota kipande, akakipangusa mchanga, akakigusisha ulimini.

Mafua huziba pua, hayazibi ulimi. Alitema mara tatu.

"Hii ndiyo yangu?"

Niliombwa nisiseme. Sikusema. Nikamtazama tu, na kwa mtu anayenijua hiyo inatosha.

"Na ile ya ndani kapika nani?"

"Nazi alikuna yeye. Sukari nilikoroga mimi. Kimya kimya."

"Wewe? Kimya?"

"Muulize."

Alisimama pale, kile kipande bado mkononi. "Yaani alionja mbele yangu," akasema, "mbele ya wale wanawake. Akaweza kuninyamazia. Nami nikamwambia simjui."

Upande wa pili mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Apakuki alikuwa amekaa ngazini, kifua wazi, sahani mapajani, anakula muhogo na samaki wa kopo. Alipotuona alijifanya anatafuta kitu kwenye sahani.

"Wewe!" Unaisi akaita.

"Nani, mimi? Si hunijui?"

"Kuku wako wana adabu mbaya. Wamekataa chakula cha watu."

Apakuki aliinua macho taratibu. Alimwona na kile kipande mkononi, akanitazama mimi, nikamwonyesha viganja vyangu vitupu: si mimi. Hapo kicheko kikaanza kumrudi, kutoka mbali, kutoka tumboni.

"Si adabu mbaya, wana watoto," alisema. "Kuku mwenye watoto hanywi sumu."

"Sumu ni mdomo wako! Na iliki je? Nani kakutuma kutia iliki kwenye kopo langu?"

"Imeharibika?"

"Anakula kipande cha pili, mbwa wewe."

Alitaka kucheka, akashindwa, akaweka sahani chini. Dirisha la nyuma likafunguliwa, na kichwa cha Mwalimu Sainimere kikatokeza, miwani imerudi puani. Nilimwona Unaisi anavuta pumzi. Angeweza kusema ni jirani tu. Angeweza kusema hakuna kitu, Mwalimu, tunakuja. Mimi ningekubali, na Apakuki pia, na purini ingebaki yake hadi siku ya harusi.

"Mama Kelera, ni nani huyo mnayegombana naye?"

"Ni aliyepika purini, Mwalimu," alisema Unaisi. "Yangu niliiunguza. Huyu ni mtani wangu. Aliiiba ili usiile."

Kichwa kikabaki dirishani. Kisha kikasema, kwa sauti ile ya kupanga mistari ya wanafunzi, "Sasa mtani wa mtu anakula nini huko nje peke yake?"

Apakuki alitazama muhogo wake. Ndipo Unaisi alipofanya jambo ambalo halijafanywa kati ya vijiji vile viwili tangu mizimu izaliwe. Alifungua kijilango cha waya, akasimama pembeni, akaweka mkono kinywani kama tunavyowaita wapita njia.

"Apakuki! Mai kana! Njoo ule!"

Yule bwana alichanganyikiwa. Hakuna aliyewahi kumfundisha mtani anajibu nini akikaribishwa. Akaokota jibu la watu wote.

"Asante," akasema. "Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hicho chakula cha huzuni? Kimwage, kuku wako wafungue kinywa. Vaa shati, mbele ya mwalimu. Na kile kijiko chako cha wizi njoo nacho, maana vya kwangu havitoshi. Ingia, mtani, ingia, chai inapoa."